Kigari cha Kwanza cha Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alitengeneza mashine za boti mwaloni Kibirizi, Kigoma, boti za ziwani zinapoegeshwa, kwa zaidi ya miaka thelathini. Kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia, asubuhi moja, akiwa anafunga vifungo vya shati. Tangu siku hiyo hakuvuka tena geti la nyumba yao ya Ujiji ila kwenda hospitali. Si kwamba hakuweza. Mguu uliburuta, lakini ulitembea. Mkono wa kulia ulishika kikombe, ingawa mwenyewe hakuuamini. Alichokataa ni kuonwa. Wenzake wa mwaloni walipokuja kumjulia hali, alimwagiza dada awaambie amelala, na dada akawaambia amelala. Baada ya miezi kadhaa wakaacha kuja. Hapo akamlaumu dada kwa kuwafukuza watu.

"Mtoe," dada aliniambia jikoni, akichambua dagaa bila kuniangalia. "Sijali utamtoa kwa njia gani. Mtoe kabla hajasahau namna ya kukaa na watu."

Hilo ndilo nililokabidhiwa. Nalisema mapema kwa sababu sehemu kubwa ya ninayoyasimulia ni habari za kigari, na ni rahisi kudhani kwamba kigari ndicho kilichokuwa na maana.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, wote huniita madam, na kila Jumamosi baada ya alasiri hushindana na wenzangu sita kwa vigari vya rimoti. Watu wakisikia hivyo hufikiria vile vya sokoni Mwanga, vinavyokufa kabla sikukuu haijaisha. Vyetu ni vingine. Kimoja kina urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kina shokapu za mafuta, kina gia, na betri yake hukipa mbio ambazo mtu mzima hawezi kuzifuata. Uwanja wetu uko njia ya Simbo, mahali palipokuwa pakifyatuliwa matofali. Njia tumeichora kwa mipira ya maji iliyochakaa, tumerundika udongo tukapata vilima vya kurukia, na upande mmoja tumejenga jukwaa la mbao ambapo madereva husimama ili waone uwanja wote.

Shemeji alifika pale mara ya kwanza tukitoka hospitali kwenye mazoezi ya viungo. Nilimwomba dereva wa bajaji apitie uwanjani, nikisema nina rimoti ya kuchukua. Shemeji hakushuka. Nilipochelewa makusudi alibaki ndani, pazia limeshushwa nusu, akitazama. Tulipokuwa tunarudi akasema, "Kile cha njano difu yake inateleza. Kinalia vibaya kikitoka kona."

Cha njano kilikuwa changu, na kweli difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu, ilikuwa inateleza. Nilikuwa nimemwazima mwenzangu akiendeshe nami sikuligundua. Tulipokaribia nyumbani akauliza, "Vinapatikana wapi?"

Nilipomwambia dada swali hilo, alikaa kwenye ngazi ya mlango akajifuta macho kwa kanga. Ndipo kazi ya kuchagua ilipoanza, na ndipo nilipoanza kukosea.

Anayechagua kigari cha kwanza karibu kila mara huangalia kasi. Mimi mwenyewe nilianza hivyo, na kigari changu cha kwanza nilikipiga ukutani siku ya pili. Wanaoniuliza siku hizi huwaambia waanze na uwanja. Wetu ni udongo mwekundu ulioshindiliwa, juu yake vumbi jepesi. Kwenye udongo wa namna hiyo, kigari kinachosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake hurusha mkia kila kona, na mgeni hupinduka mpaka akate tamaa. Kinachosukumwa na magurudumu yote manne hushika njia na kumsamehe mtu makosa. Baada ya uwanja, watazame wenzako. Mkono wa shokapu ukivunjika Jumamosi jioni hakuna duka Kigoma nzima litakalokuuzia mwingine. Atakayekuokoa ni mwenzako mwenye kigari kama chako na kipuri mfukoni. Mota usichukue kali. Kasi utaiongeza ukishajua kupita kona, na kujua kupita kona huchukua muda mrefu kuliko mtu anavyotaka kuamini.

Yote hayo nilimweleza shemeji barazani kwake, picha moja baada ya nyingine kwenye simu. Aliniacha nimalize. Kisha akaweka kidole cha kushoto juu ya picha moja.

"Hiki."

"Hicho huja vipande, shemeji. Unakiunga mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho."

"Nimeona."

"Skrubu zake ni ndogo kama punje za mchele."

"Nimesema nimeona."

Nikaanza kueleza. Nilieleza kwamba hata mwenye mikono miwili mizima hutumia siku nyingi. Nilieleza kwamba kipande kimoja kikidondoka kwenye mchanga wa ua kimepotea. Nilisema kuna kingine, kama kile kile, kinachokuja kimeungwa tayari, ambacho angeweza kukiendesha siku hiyo hiyo. Sauti yangu ilikuwa ya upole. Nina sauti hiyo, wanafunzi wangu wanaipenda, na wazazi wao husifu subira yangu. Shemeji alinisikiliza kama darasa la kipindi cha mwisho linavyosikiliza, macho yakiwa getini.

"Haya," akasema. "Nunua unachotaka wewe."

Nililichukua neno hilo kuwa ni kukubali, nikaagiza kile kilichoungwa tayari.

Kwenye rimoti tu ndiko nadhani nilichagua vizuri. Zilizo nyingi hushikwa kama bastola: mkono wa kushoto unabana kifyatulio cha mwendo, wa kulia unazungusha gurudumu dogo la usukani. Kwa mtu wa kiharusi cha kulia hiyo ni adhabu. Nilimtafutia ya vijiti viwili inayoning'inia shingoni kwa mkanda, nikabadilisha nyaya ili usukani uwe wa dole gumba la kushoto na mwendo uwe wa kulia, mbele na nyuma tu. Alipoijaribu uani, kigari kilipita katikati ya ndoo mbili za dada na kugeuka. Kona ya mdomo wake ilipanda. Dada alitoka jikoni akajifanya anaanua nguo.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumtazama nikamkuta amelala usingizi wa mchana. Kigari kilikuwa juu ya meza barazani, na pembeni yake jiliwa ndogo, kile kibanio cha mafundi, iliyofungwa kwenye ukingo wa meza. Alikuwa amekifungua chote na kukifunga tena, kwa mkono mmoja na jiliwa. Wakati huo sikuuona ukubwa wa jambo hilo. Nilichokiona ni grisi.

Mwaloni hakuna chuma kinachoachwa bila grisi. Fundi wa mashine za boti hupaka grisi kila kiungo na kila jino la gia, kwa sababu adui yake ni maji, na penye grisi maji hayaingii. Shemeji alikuwa amekifanyia kigari chake alichozifanyia mashine zote za maisha yake. Gia zilikuwa zimezama. Beringi za magurudumu zilikuwa zimefunikwa kwa ile grisi nzito ya mwaloni, mpaka viungo vya usukani.

Lakini kigari chetu hakina haja na ziwa. Adui yake ni vumbi, na vumbi likikuta grisi hukaa. Mizunguko michache njia ya Simbo na grisi ile ingekuwa msasa, ikisaga meno ya gia mpaka yaishe. Nilijua hivyo kwa sababu nimeshaona gia zilizoishia hivyo.

Ningemwamsha. Ningesubiri. Badala yake nilisema moyoni: masikini, asiaibike. Nikachukua bisibisi yangu mkobani, nikaomba mafuta ya taa na kitambaa kwa dada, nikakaa pale barazani nikakifungua kigari, nikaosha kila kitu kikawa kikavu, nikakifunga na kukirudisha mahali pake. Nilimaliza kabla hajaamka. Niliondoka nikijiona mtu mwema.

Dada alinipigia simu kesho yake. "Umefanya nini?"

"Kwa nini?"

"Amekigusa kile kigari mara moja tu akakisukuma mbali. Chai hajanywa."

Nilikwenda. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake, kigari mbele yake. Hakuitikia shikamoo.

"Nani kafungua?"

"Mimi, shemeji. Ile grisi ni nzuri kwa boti, ila huku kuna vumbi, na vumbi linaposhikana na..."

"Sikukuuliza vumbi. Nimeuliza nani kafungua."

"Mimi."

"Nikiwa nimelala."

"Ndiyo."

"Miaka yote nimekaa Kibirizi," alisema polepole, kwa sababu maneno nayo tangu kiharusi humpa taabu, "hakuna fundi aliyewahi kufungua kazi yangu nyuma yangu. Hata wale niliowafundisha. Wakiona kosa wananiita: fundi mkuu, njoo uone. Wananitukana, nawatukana, tunatengeneza. Wewe umenifuta."

Nilitaka kueleza. Nilikuwa na maelezo mazuri. Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile sikuyatoa. Niliaga nikapanda bajaji, na wiki ile nzima nilifundisha vibaya.

Jumamosi sikujua kama niende kumchukua. Nilikwenda. Alikuwa amevaa shati jeupe, lile la Idi, kigari na rimoti viko kwenye mfuko mapajani. Tulipanda bajaji.

Pale uwanjani tuna desturi moja ambayo sikuwa nimemweleza, mimi ninayeeleza kila kitu. Tunashindana kwa makundi mawili. Kundi la kwanza likimaliza, madereva wake hushuka jukwaani na kusimama kwenye kona nne wakati kundi la pili linashindana. Kigari kikipinduka kwenye kona yako, unakimbilia kukiinua. Aliyepinduka ana haki ya kukutukana ukichelewa, na haki hiyo inatumiwa. Hakuna anayesamehewa zamu hiyo. Afisa aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, naye husimama kona na viatu vyake vya ofisini. Kwetu, anayeendesha bila kusimama kona ni mtazamaji aliyekuja na kigari.

Nilikuwa nimepima mkono wa shemeji, rimoti, mota, udongo. Kona sikuifikiria mpaka Ijumaa. Nilipoifikiria nilimpigia simu mwenyekiti faraghani nikamwomba amsamehe zamu, na nikamwomba pia asiseme kwamba nimeomba. Ndiyo, baada ya habari ya grisi. Nimejiuliza mara nyingi jinsi mtu anavyoweza kurudia kosa lile lile ndani ya wiki moja. Jibu nililonalo ni kwamba halikuonekana kama kosa. Lilionekana kama huruma, yote mawili.

Kwa kuja kwake tulikuwa wanane, makundi mawili kamili. Shemeji alipanda jukwaani ngazi moja moja, akajiegemeza kwenye ubao wa mbele. Alipinduka mara mbili, akamaliza wa mwisho, na katika mzunguko wa mwisho alipita kona zote nne bila kugusa mpira. Fundi cherehani wa Mwanga, mtu mwenye mdomo kuliko wote, alimpiga begani. "Mzee, leo umekuja kufagia uwanja?"

"Nilikuwa nakagua njia," shemeji alijibu. "Kesho kutwa utanisikia."

Walicheka. Mimi pia nilicheka, na kwa muda mfupi niliamini kwamba yamekwisha.

Kisha mwenyekiti akasema, kwa heshima zote, "Mzee wetu wewe kaa hapa kwenye kiti. Kona yako nitaiunganisha na yangu."

"Kwa nini?"

"Aa, ni utaratibu tu, mzee."

"Hawa wengine wanakwenda wapi?"

"Wanakwenda kusimama kona."

"Na mimi?"

Mwenyekiti si mtu wa kudanganya. Alinitazama. "Madam alisema kwamba mguu..."

"Mguu ni wa madam?"

Hakuna aliyecheka. Shemeji alichukua fimbo yake, akashuka ngazi, akauliza kona ipi haina mtu. Wakamwonyesha ya tatu, ya mbali kuliko zote, nyuma ya kilima cha kurukia. Tulisubiri afike. Ilikuwa safari ndefu, na sote tulijifanya tunakagua betri.

Mimi nilikuwa kundi la pili. Mashindano yakaanza.

Mzunguko wa pili kigari cha fundi cherehani kiliruka kilima vibaya kikaangukia mgongo, pale pale kona ya tatu. Kwa kawaida kuinua ni hesabu ya moja, mbili, tatu. Nilizunguka uwanja mzima, na nilipopita tena shemeji bado alikuwa njiani, fimbo mbele, mguu ukifuata. Jukwaani palikuwa kimya. Ulikuwa ule ukimya unaoijaza wodi wakati wa kutazama wagonjwa, na niliogopa kwamba anausikia.

Fundi cherehani ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Mzee! Unakwenda kuinua gari au unakwenda kuposa?"

Shemeji hakugeuka. "Limelala lenyewe! Limechoka kuendeshwa na mshona vifungo!"

"Inua, mzee, wananipita!"

"Walikuwa wamekupita tangu jana!"

Jukwaa zima lilicheka, na fundi cherehani alicheka zaidi, huku akitukana. Shemeji aliinama, akakigeuza kigari kwa mkono wa kushoto, kikaondoka na vumbi lake.

Aliporudi nyuma kwenda mahali pake, kisigino cha ule mguu wa kulia kilinasa kwenye mpira wa maji. Nilimwona akienda chini. Alianguka kwa mbele, kama mtu aliyesukumwa, akatua kwa goti na kiwiko.

Dole langu liliachia kijiti. Kigari changu kilisimama katikati ya njia, na kilichokuwa nyuma yangu kikakigonga. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye ngazi. Mwenyekiti, kwenye kona ya jirani, alikuwa ameshapiga hatua mbili kumwelekea.

"Madam!" Shemeji alikuwa ameegemea kiwiko, shati jeupe limekuwa jekundu kwa udongo. "Umeziba njia! Endesha!"

"Shemeji, umeumia?"

"Endesha! Watu wanapita!"

Mwenyekiti alisimama. Nilirudisha mguu juu ya jukwaa. Nilibonyeza kijiti, kigari kikaenda.

Ilibaki mizunguko mitatu. Anayeendesha hutazama kigari chake tu, akiondoa macho kimepinduka, kwa hiyo niliweza kuiona kona ya tatu pale kigari changu kilipopita tu. Mara ya kwanza niliona yuko magotini, ameshika fimbo kwa mikono yote miwili. Mara ya pili goti moja lilikuwa limetoka chini. Nilijua kwamba kila mmoja pale anaona ninachokiona, na kwamba hakuna anayekwenda. Nikawaza: akivunjika nyonga hapa, nitamwambia nini dada? Mara ya tatu alikuwa amesimama. Alikuwa anatazama kilima, siyo mimi, akingoja kigari kingine kipinduke.

Nilimaliza wa nne kati ya wanne.

Kwenye bajaji sikumpangusa udongo. Nilisema tu, "Nilimpigia mwenyekiti nyuma yako. Na kile kigari pia. Nisamehe."

Bajaji ilianza kuteremka kuelekea Ujiji. "Ile grisi," akasema, "ungeniita. Ningebisha. Ningekutukana sana."

"Najua."

"Halafu ningeosha."

Dada alikuwa getini. Aliona shati, akaona suruali iliyochanika gotini na damu iliyokauka, akaona kiwiko. Shemeji alimpita akaingia ndani, akitaka maji ya kuoga, akisema ameanguka, watu huanguka. Dada hakumfuata. Aligeuka kwangu.

"Alianguka wapi?"

"Uwanjani."

"Nani alimwinua?"

"Hakuna. Aliinuka."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naendesha."

Maelezo yalinijia yote kichwani, kwa mpangilio, kona na desturi na alichokisema akiwa chini. Dada yangu amemwogesha mume wake, amemlisha, amedanganya watu getini kwa ajili yake, na nilikuwa nimemwacha mtu huyo kwenye udongo mbele ya macho yangu. Hakukuwa na namna ya kulieleza hilo ambayo ingempunguzia chochote, kwa hiyo sikueleza.

"Usije kesho," akasema. Akaingia ndani.

Nilibaki nje ya geti. Nilisikia ndoo ikiburutwa, kisha sauti ya shemeji kutoka uani, nzito, ikitafuta maneno, akimwambia mkewe kwamba wenzake wa Kibirizi wakija asiseme amelala. Kisha nikasikia dada anamwagia maji, kopo baada ya kopo, na shemeji akilalamika kwamba ni ya moto mno.